Mkebe wa Misumari ya Viatu

Mususa, Butembo
Siku moja kabla ya safari, saa kumi alasiri

Masika mwanangu,

Umeenda kusukwa nywele, na msusi wako anaongea kuliko anavyosuka, kwa hiyo nina saa mbili, labda tatu. Ninaandika kwenye meza ya kulia, kwenye kiti chako cha mwisho upande wa kushoto, ambacho hapa nyumbani hakuna mwingine anayethubutu kukikalia. Nimeinuka mara nne tayari. Mara ya kwanza nilienda kuangalia kama zipu ya begi lako inafunga. Inafunga. Mara ya pili nilienda kuiangalia tena. Kila moto, pikipiki yoyote ya abiria, inayopunguza mwendo hapa njiani nadhani ni wewe, nafunika karatasi kwa sahani, halafu moto inapita na mimi nabaki nimeshika sahani.

Sitaandika habari za sweta, wala za kuchemsha maji, wala za kutomwambia dereva kwamba ni mara yako ya kwanza kuvuka mpaka. Hayo nimeyasema wiki nzima mpaka nimechoka na sauti yangu mwenyewe. Nataka kuandika juu ya hiyo kazi unayoiendea Kampala. Juzi ulinieleza nami nikakuacha na simu yako, ukadhani sikuelewa. Nilielewa vizuri mno. Ndiyo maana nilitoka nje kukata majani ya muhogo, sombe ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameiomba.

Ulikuwa umeshika simu yako, umeniweka upande wako wa kulia kama kawaida.

"Mama, angalia. Mutu wa mbali anatafuta kahawa. Anaandika maneno yake mu mashini. Kama siye hatukuweka ile maneno yake, hapana kutuona. Hata kahawa yetu ikuwe nzuri namna gani."

Nikakujibu haraka, maana mimi napenda kujibu haraka: "Basi muandike kahawa ya Butembo. Iko nini ya kuzungukia?"

Ukacheka. "Mais Mama, nani kule anajua Butembo? Mutu hatafutake jina yetu. Anatafutaka kenye yeye anataka. Kahawa ya ku milima. Kahawa ya kusafishwa na maji. Kahawa yenye bakulima benyewe banauzisha. Donc kazi yangu ni kujua anataka nini mbele aandike."

Kisha, kunionyesha, ukaandika jina la Beni, mji wa jirani, peke yake. Ulizima simu upesi lakini nilishaona. Hapakuwa na kahawa hata punje moja. Walikuwa wafu wetu waliouawa huko, mistari kwa mistari, na zile picha za watu wanaobeba magodoro kichwani. Nikachukua kisu na kikapu.

Mwanangu, kazi hiyo naijua. Nimeifanya miaka mingi kabla hujajua kusoma, ila niliifanya kinyume chake. Wewe utalipwa kuchagua maneno ili anayetafuta apate. Mimi nilichagua maneno ili anayetafuta asipate, na nilikuwa hodari. Mtaa mzima wa Kimemi ulijua.

Ulikuwa na miaka minne. Ilikuwa ile vita ya waasi, walipokuwa wakigawanyika na kuungana kila msimu. Kila jeshi lililoingia mjini lilikuwa na jina jipya na mikono ileile. Duka letu la Kimemi lilikuwa chumba kimoja, na rafu tatu zilizojaa mikebe ya maziwa ya unga niliyoiosha na kuibandika karatasi. Nilijifunza jambo moja juu ya askari: akiingia dukani hatafuti duka zima. Ana maneno manne au matano kichwani. Sukari, betri, sigara, sabuni, dawa. Macho yake yanapita kwenye rafu yakitafuta maneno hayo, na yasipoyakuta yanachoka. Mimi niliyajua maneno yake kabla hajavuka mlango. Kwa hiyo sukari ilikaa ndani ya "Chokaa". Betri zilikaa ndani ya "Mbegu za kabichi". Sigara zilikaa ndani ya "Rangi, imekauka", na hiyo "imekauka" ndiyo iliyonifurahisha zaidi, maana nani ataiba rangi iliyokauka?

Siku moja aliingia askari kijana, mtu wa mbali, Lingala tupu. "Mama, sukali eza te?" Nikatikisa kichwa kwamba sukari hakuna, nikamwonyesha rafu ajionee. Akasoma mikebe mmoja baada ya mwingine kwa kidole, polepole, midomo ikitembea, na wakati wote huo kiwiko chake kilikuwa kimeegemea sukari. Mwisho akachukua daftari moja la shule akaenda zake. Nilicheka wiki nzima. Nilisimulia uwanjani baada ya misa, na wanawake wenzangu wakaja dukani kuniomba niwaandikie na wao mikebe yao. Nilijiona mwerevu. Nikuandikie wazi: nilijiona mwerevu kuliko vita.

Nimeinuka tena. Baba yako yuko nje anajifanya anatengeneza redio. Anajua ninaandika nini na hafurahi.

Nikuambie kwanza habari ya mama wa Kasugho, kwa sababu ndiyo inayokuhusu kikazi. Vita hiyo ilipotulia kidogo, mimi niliendelea kuficha. Mkono ulikuwa umezoea. Nikaweka kibao kizuri mlangoni, Mwalimu, baba yako, aliniandikia kwa Kifaransa chake cha shule, "Quincaillerie et Divers", vifaa vya chuma na mengineyo, na watu wakapita bila kuingia. Nikawa nalaumu kibao, nalaumu mvua, nalaumu jirani. Siku moja akaingia mama aliyetoka Kasugho na chukudu yake, baiskeli ya mbao ya kusukumia mizigo, mihogo imejaa, magunia yamelegea yanataka kuanguka. Alikuwa amekasirika.

"Hapa muko na kitu ya kufungia muzigo? Nilishaingia mu butiki tatu, bote banasema hapana."

Nikasema hapana. Ulimi wangu ulisema hapana kabla sijafikiri, kwa ile miaka ya kusema hapana. Alipokuwa anageuza chukudu yake nikaona, juu ya kichwa changu, rundo la mipira ya ndani ya magurudumu ambayo ilikuwa pale tangu mwaka uliopita. Kwenye karatasi yake nilikuwa nimeandika "Chambres à air, usagées". Nikamkimbilia mpaka kwenye kona. Alichukua minne, akafunga mihogo yake palepale barabarani, akaniangalia kama mtu anayemwangalia mgonjwa.

"Mama, mpira uko nayo, mais hapana kusema."

Kesho yake nikabandua karatasi nikaandika "Mipira ya kufungia mizigo". Iliisha kabla ya Jumamosi. Nikazunguka duka zima nikijiuliza, kwa kila kitu, mtu anaingia na shida gani mpaka anakihitaji hiki? Sikuwa tena nauliza kinaitwaje. Nikaanza kuwasikiliza watu mlangoni. Mtu wa mashamba hasemi jina la kitu, anasema kinachomsumbua: panya wanakula mahindi, mtoto anakojoa kitandani, paa linavuja juu ya kitanda cha mkwe. Maneno yao ndiyo niliyoandika. Nadhani hiyo ndiyo kazi yako yote, na huko Kampala watakufundisha kwa Kiingereza kirefu kile ambacho mama mmoja wa Kasugho alinifundisha kwa hasira.

Nilikosea na upande mwingine pia. Nilipoona jinsi maneno yanavyovuta watu, nikaonja utamu wake. Wakimbizi walikuwa wanapanda kutoka upande wa Beni, na huku kwetu baridi haina huruma. Nilikuwa na mablanketi membamba, mabaya. Nikaandika "Mablanketi mazito", kwa sababu hilo ndilo neno walilokuja nalo. Yaliondoka asubuhi moja. Siku ya pili mama mmoja alirudi, hakugomba, alilikunja blanketi lake vizuri akaliweka juu ya meza yangu. "Mama, hii iko shuka." Akaondoka bila kungoja jibu. Mpaka leo nikimwona mtu anakunja shuka naona aibu.

Basi. Naona nimekimbilia Kasugho na mablanketi ili nisifike mahali ninapopaswa kufika. Jua limeshuka kwenye ukuta wa jirani na wewe utarudi kabla ya saa ya amri ya kutotembea usiku.

Masika, sikio lako la kushoto halikuharibiwa na bombu.

Nimeandika. Nimeliangalia hilo neno muda mrefu, na sasa naendelea.

Katika ile mikebe mmoja uliandikwa "Misumari ya viatu". Ndani yake mlikuwa na ampuli za kwinini, nimezifunga kwa kitambaa cha zamani cha ubatizo wako. Dawa ndiyo kitu walichotafuta kuliko vyote, kwa hiyo pale nilitumia akili yangu yote. Wako askari wasiosoma, hao walitikisa mikebe. Wako wasioamini maandishi, hao walifungua. Kwa hiyo niliweka misumari ya kweli juu ya kitambaa, kina cha vidole viwili, ili atakayetikisa asikie misumari na atakayefungua aone misumari. Mikebe mingine ilikuwa na uongo wa karatasi tu. Ule ulikuwa na uongo mpaka ndani.

Baba yako alijua kwamba dawa zipo dukani. Hakujua zipo wapi. Sikutaka kumwambia. Nilimtania kwamba mwalimu amezoea kujibu maswali, akiulizwa na askari atajibu na kutoa mfano. Alikuwa mgeni hapa, alitumwa na serikali kutoka Kindu na sanduku la vitabu na suruali mbili, na bado aliamini kwamba mtu akikuuliza kwa heshima unamjibu. Nilimpenda kwa hilo, na nilimficha kwa hilo.

Nikaenda Beni kutafuta bidhaa. Kwenda na kurudi, siku mbili. Nikiwa kule vita ikafunga barabara katikati. Nilikwama Beni, nyumbani kwa mama mmoja wa parokia, nikipanga mzigo wangu na kuupangua, nikiwauliza madereva swali lilelile mpaka wakaanza kunikwepa. Simu hatukuwa nazo. Sikujua kitu.

Ulianza homa siku ileile niliyoondoka. Siku ya pili degedege. Mwalimu akakubeba mgongoni mpaka kituo cha afya, akakuta askari wamekipora chote, hata mashuka. Alibaki muuguzi mmoja tu na mikono yake.

"Mwalimu, hii malaria ilishapanda ku kichwa. Anapashwa kupata kwinini sasa hivi. Hapa hatuna hata ampuli moya. Kama unajua mutu mwenye iko nayo, kimbia."

Alimjua mtu mmoja aliyekuwa nayo. Mke wake.

Alikuacha kwa muuguzi akakimbia Kimemi, risasi zinalia upande wa mto. Akafungua duka, akafanya kile anachokijua: akasoma. Alisoma rafu zote, kutoka juu mpaka chini. Hakuna palipoandikwa dawa. Akafungua "Chokaa", akakuta sukari. Hapo akakumbuka yale niliyosimulia uwanjani, kwamba maandishi yangu ni uongo, akaanza kufungua mmoja mmoja, anamwaga chini, betri, sigara, sabuni. Akafika kwenye misumari. Aliutikisa ukalia misumari. Akaufungua akaona misumari. Akaufunga akaurudisha mahali pake. Aliniambia mara moja tu, na hajarudia tena: "Niliushika mukononi, Mama Masika. Niliufunga vizuri."

Kisha akazunguka mji kugonga milango ya maduka ya dawa. Kulikuwa na risasi, nani angefungua?

Nilirudi siku ya nne, sehemu kubwa kwa miguu. Jirani akanielekeza kituo cha afya. Nilikukuta umelala, macho yako yamefunguka nusu na hayaangalii kitu. Baba yako hakunisalimu. "Dawa iko wapi?" Nikasema, "Mu misumari." Akakaa chini, palepale sakafuni, na kanzu ya muuguzi ikamgusa kichwa akipita, naye hakusogea. Mimi nikakimbia dukani.

Ulipona. Muuguzi yule alikesha na wewe, na siku moja asubuhi ukaomba chai yenye sukari nyingi, tukalia wote watatu kama wapumbavu. Nilimshukuru Mungu, na nilidhani nimesamehewa yote kwa bei ndogo. Ilipita kama wiki tatu ndipo nilipokuita jikoni kutoka upande wako wa kushoto. Hukugeuka. Nikaita tena kwa nguvu, ukageuka, lakini ukaangalia upande usio wangu.

Kipindi hicho bombu moja ilikuwa imeanguka kwenye migomba nyuma ya Mususa ikavunja vioo vya watu. Uwanjani baada ya misa mtu akamuuliza Mwalimu, huyu mtoto ana nini? Naye ambaye hakuwahi kusema uongo mbele ya watu akasema, "Ni ile bombu." Nilikuwa nimesimama karibu yake nimekubeba. Nilikurekebisha kofia. Alinifunika kwa sababu alinipenda, nami nikakubali kufunikwa. Vita ilibebeshwa kosa langu, na vita haikukataa, ilikuwa na makosa mengi kiasi kwamba moja zaidi halikuonekana.

Ulipofika miaka sita ulianza kuniuliza. Ulikuwa unashika sikio kwa mkono mzima, unalivuta. "Mama, juu ya nini sikio hii hapana sikia?" Nami nikajibu haraka kama ninavyojibu mnunuzi, "Bombu, mwanangu." Uliniuliza mara nyingi. Ulitafuta, Masika, ulitafuta kwa maneno yako mwenyewe, na kila ulipokuja nilikupa mkebe wa misumari. Baadaye ukaacha kuuliza.

Mwalimu anasema nikuache. Mchana huu tumegombana kwa sauti ya chini, kama tunavyofanya ukiwa karibu, ingawa hukuwepo.

"Mais Mama Masika, mutoto aende na roho mwepesi. Hii mambo ilishaisha."

"Ilishaisha kwako na kwangu. Kwake bado iko mu kichwa."

"Atakukasirikia."

"Na akasirike."

Nimesema hivyo kwa ujasiri, halafu nimekuja kukaa hapa kuandika. Naogopa. Sitaki uende Kampala ukiwa umenichukia. Lakini Jumapili ulituambia kwamba kampuni ina daktari wake, na kwamba jambo la kwanza utakalofanya ni kupimwa sikio, labda kuna kifaa, labda kuna kitu. Ulikuwa na furaha sana. Nikakuona ukiwa umekaa mbele ya daktari yule, akikuuliza lilianzaje, nawe ukimjibu, "Bombu." Na yeye naye ni mtu anayetafuta. Atatafuta kwa neno utakalompa. Atatafuta mahali palipopasuka, na hapakupasuka kitu. Atakutikisa, atasikia misumari, atakufunga na kukurudisha mahali pako.

Kwa hiyo mwambie malaria iliyopanda kichwani, ukiwa na miaka minne, degedege, na kwinini iliyochelewa zaidi ya siku mbili. Mwambie hivyohivyo. Sijui kama kuna dawa ya jambo la zamani hivi. Ninachojua ni kwamba halitatafutwa vizuri kwa jina nililolipa.

Na kesho njiani. Hili nalo nilitaka kulizunguka. Kati ya hapa na Beni, na kutoka Beni mpaka Kasindi mpakani, unajua barabara ilivyo. Mtu mwenye sikio moja anasikia risasi lakini hajui inatoka wapi. Nimekuona ukigeuka upande usio sahihi hata jogoo akiwika. Nililijua hilo miaka yote na sikuweza kukuambia kwa nini nalijua. Ukisikia kitu, usitafute sauti. Angalia watu wanakimbilia wapi, uwafuate. Kaa upande wa kushoto wa gari, sikio lako zuri liwe ndani, kwa watu. Nisamehe, nilisema sitaandika maagizo.

Juu ya lile swali lililobaki kati yetu ulipozima simu, kama jina la Beni mliweke kwenye kahawa au mlifiche. Nimelifikiria nikikata ile sombe. Mimi si mtu wa kukushauri kuficha, umeona nimeficha nini. Lakini mtu wa mbali anayetafuta kahawa hatafuti huzuni yetu, na huwezi kumlaumu. Mlete kwa neno lake. Akishafika mlangoni, akute jina letu limeandikwa kwenye gunia kwa herufi kubwa, Beni, Butembo, Lubero, aulize mwenyewe. Na kilichomo kwenye gunia kiwe kile alichokuja kutafuta, mpaka chini kabisa.

Nilikuwa nimepanga barua hii niiweke chini ya begi, ndani ya kitabu chako cha sala, uikute ukishavuka mpaka. Nilikwisha kuchukua bahasha, na juu yake, unisamehe tena, mkono wangu wenyewe ukaandika "Picha za familia". Nikacheka peke yangu, halafu sikucheka. Miaka yote hii, na bado najua kuandika kitu ambacho hutakifungua upesi. Na ungekasirika peke yako, chumbani kwa wageni, mimi nikiwa mbali, salama.

Hapana. Ukasirike hapa, nikiwepo. Upige mlango ukitaka, mlango ni wetu. Usiku ni mrefu wa kutosha kwa watu watatu kusema yote, na gari linaondoka saa kumi na mbili asubuhi.

Moto imesimama mlangoni. Safari hii ni wewe, nasikia unamcheka dereva. Baba yako ameacha redio yake. Sahani nimeirudisha jikoni. Barua naiacha mezani mbele ya kiti chako, na bahasha nimechukua nyingine. Sijaandika jina lako wala langu. Nimeandika yale maneno uliyonijia nayo ukiwa na miaka sita, umeshika sikio kwa mkono mzima, ili safari hii ukitafuta upate:

"Mama, juu ya nini sikio hii hapana sikia?"